Kompyuta inazimika katikati ya kurenda harusi, na feni tatu zote zinazunguka (Goma)

Himbi_Studio (Goma)
Jambo yenu bote. Nina shida ambayo imeshanila usingizi wa wiki mbili.

Natengeneza video za harusi hapa Himbi. Mashine yangu ni ya mezani: Ryzen 5 3600 na feni yake ile iliyokuja kwenye boksi, kadi ya picha GTX 1660 Super, RAM giga 16. Kasha nilibadilisha mwaka jana. Lina kioo ubavuni, kioo tena mbele, na feni tatu za taa: mbili mbele, moja nyuma. Usiku inang'aa kuliko ukumbi wa harusi wenyewe.

Nikianza kurenda, yaani kompyuta kuunganisha vipande viwe video moja iliyokamilika, dakika kumi za kwanza iko sawa. Halafu inaanza kujikokota: kazi iliyosema imebaki dakika 40 inasema sasa imebaki saa moja na nusu. Dakika ya 25 hivi, pap, imezimika. Haijiwashi upya, inazimika kabisa. Nikibonyeza papo hapo haiwaki. Nikingoja dakika kumi inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Programu ya kupima joto inaonyesha prosesa nyuzi 95, kadi 83.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja Birere. Hakufungua hata skrubu moja, akasema prosesa imekufa, nitoe dola 120. Baba wa bibi harusi ameshakuja mlangoni mara mbili. Hagombi. Anakaa tu, anaomba maji ya kunywa, anatazama kompyuta. Afadhali angegomba.

Mzee_Ka_Flash (Goma)
Itie ndani ya frigo tumalize habari 😂

ChukuduMwendo (Goma)
Mimi naona kuranti. Kwetu Ndosho jioni taa zinafifia mpaka zinakuwa rangi ya chungwa. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, inahangaika, inachoka, inakata. Tafuta stabilizeta kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

FundiKadutu (Bukavu)
Papa wa Himbi, hiyo 120 usiitoe. Prosesa iliyokufa haiwaki. Sijaona prosesa inayokufa kila dakika ya 25 na kufufuka dakika ya 35.

Ila una magonjwa mawili, tusiyachanganye. Kujikokota nakuelewa: Ryzen 5 3600 mpaka wake ni nyuzi 95. Ikigusa hapo inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue, ndiyo maana saa ya kurenda inarefuka. Lakini kupunguza mwendo si kuzima. Kuna kitu kingine kinachokata, na hicho bado sijakijua.

Leo nifanyie haya. Mashine ikizimika, angalia skrini: imezimika nayo au inabaki na mwanga? Iwe kwenye multiprizi moja (ule waya wa soketi nyingi) na mashine. Kisha fungua kioo cha ubavuni, renda video ileile, andika namba za joto kila dakika tano. Na upige picha ya mahali mashine inapokaa. Si picha ya mashine, picha ya mahali.

Himbi_Studio
Aksanti fundi. Nimefanya.

Skrini inabaki na mwanga, inaandika haioni kompyuta. Modemu ya intaneti nayo inaendelea kuwaka.

Kioo kikiwa wazi, baada ya dakika 20: prosesa 84, kadi 71. Haijikokoti tena! Lakini dakika ya 40 ikazimika vilevile.

Mahali: iko chini ya meza, ndani ya kile kijumba cha mbao cha kuwekea mashine. Chini kuna kapeti. Nyuma imebaki nafasi ya kiganja kimoja mpaka ukuta.

ChukuduMwendo
Modemu inawaka na skrini inawaka? Basi kuranti ya ukutani haina kosa, nimejiondoa hapo. Ila kwenye pawasaplai bado sijajiondoa. Nitarudi.

FundiKadutu
Hizo namba ni nzuri sana. Prosesa imeshuka nyuzi 11 na kadi 12 kwa kutoa kioo tu. Maana yake pasta ya prosesa, ile krimu ya kupitisha joto kwenda kwenye kipoozeo, haina neno kubwa, na kipoozeo chake kinafanya kazi. Kama ungefungua kioo na namba zikabaki palepale 95, ningekuambia ung'oe kipoozeo, ufute pasta iliyokauka, upake mpya. Hapa kasha lenyewe ndilo linalokaba.

Nikupigie hesabu ya jikoni. Hiyo prosesa ikibanwa inakula mpaka watt 88. Kadi yako ni watt 125. Pamoja ni kama 210, na karibu zote zinageuka joto ndani ya hilo sanduku. Ukitaka hewa inayotoka izidi ya chumba kwa nyuzi 10 tu, mtu wa Mombasa kule usawa wa bahari anahitaji lita kama 17 za hewa kila sekunde. Sisi wa Kivu tuko mita 1,500 hivi juu, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Feni inazunguka vilevile, lakini inachobeba ni kidogo. Kwetu inakuwa lita 21.

Yaani bidoni moja ya njano, ile ya maji, kila sekunde. Feni moja ya milimita 120 inaiweza bidoni hiyo ikiwa haijazibwa. Feni mbili zinaiweza bila hata kupiga kelele. Sasa niambie: kwenye kasha lako bidoni hiyo inaingilia wapi?

Mwana_Lushi (Lubumbashi)
Yambo bote. Mi nasema mnajichosha. Aache kioo wazi, basi. Yangu hapa Katuba iko wazi toka 2022, na Oktoba joto likichacha nasimamisha feni ya chumba mbele yake. Njo vile. Kasha ni urembo.

DadaPikseli (Bukavu)
Yaya wa Lushi, na vumbi je? Nimefanya kazi Goma, Katindo, msimu mzima wa kiangazi. Vumbi jeusi la Goma ni jiwe la lava lililosagwa na matairi. Ukilisugua kati ya vidole linakwaruza. Mashine ya ofisi iliachwa wazi hivyohivyo kama yako. Feni ya kadi ilianza kulia kama panzi, tukaifungua tukakuta bea, ile inayoshika mhimili wa feni uzunguke laini, imeshatafunwa. Mabapa ya alumini ya kipoozeo yalikuwa yamevaa blanketi, unalibandua kipande kizima.

Halafu kioo wazi kinasaidia kasha lililozibwa tu. Kasha linalopumua vizuri ukilifungua unaweza hata kuharibu, kwa sababu upepo haupiti tena mbele kwenda nyuma juu ya kila kitu, unatawanyika.

Na wewe wa frigo: frigo imetengenezwa kupoza sufuria la maharage, si kitu kinachotoa watt 200 bila kupumzika. Itashindwa kupoza, na siku utakayoitoa hiyo mashine ya baridi kwenye chumba cha Goma wakati wa mvua, umande utakaa juu ya madabodi, ile bodi kuu inayounganisha kila kitu. Hapo ndipo dola 120 zitakuwa kidogo.

Mzee_Ka_Flash
Dada nilikuwa nacheka tu jamani 😭

FundiKadutu
Himbi, jaribio moja la mwisho kabla sijakutuma kununua chochote. Chukua karatasi ya choo, kata utepe wa upana wa kidole, urefu wa shubiri. Toa kile kioo cha mbele, washa mashine, ushike utepe karibu na kila feni. Kisha nyuma. Kisha karibu na kila tundu na kila mwanya unaouona. Uniambie karatasi inavutwa au inasukumwa. Kuwa mkweli.

Himbi_Studio
Fundi.

Nimekaa dakika tano kabla ya kuandika hii. Feni ya nyuma inasukuma karatasi nje, sawa. Feni ya mbele ya juu inasukuma karatasi nje. Ya mbele ya chini nayo inasukuma nje.

Zote tatu zinatoa. Hakuna hata moja inayoingiza.

Na ni mimi. Feni za mbele zilikuja zimefungwa vizuri, lakini kwenye kioo cha ubavuni nilikuwa naona mgongo wake tu, ule wenye mikono minne na waya na kibandiko. Uso wenye taa ulikuwa umeangalia mbele. Nikasema taa nimelipia, nizione. Nikazigeuza.

Nimepitisha karatasi kwenye mianya mingine kama ulivyosema. Inavutwa ndani kwenye matundu ya USB, kwenye vibati vya nyuma chini ya kadi, hata kwenye kiungo cha kioo. Kila mahali hapo kuna mstari mweusi wa vumbi kama wanja. Nilikuwa nauona kila siku, nikidhani ni rangi imechakaa.

DadaPikseli
Hahaha pole, hujakosea peke yako. Feni za taa zimegeuza wengi. Kwa feni hizi za kawaida, hewa inaingilia upande wa wazi, uso ule mzuri, na kutokea upande wenye mikono inayoshika mota. Nyingi zina mishale miwili midogo ubavuni kwenye plastiki: mmoja unaonyesha mapanga yanazunguka wapi, mwingine hewa inaelekea wapi. Ukitafuta na tochi ya simu utaiona. Kuna zilizotengenezwa kinyume makusudi ili uso uangalie ndani, lakini hizo unanunua ukijua.

Mwana_Lushi
Lakini si joto linatoka? Feni tatu zinatoa joto nje, mbona iwe vibaya? Mi ningeongeza ya nne juu nayo itoe.

FundiKadutu
Yaya, feni haitoi joto, inatoa hewa. Hewa ikitoka lazima nyingine iingie, la sivyo mapanga yanazunguka bure. Kwake mbili za mbele zinasukuma hewa kwenye kioo kilichozibwa, inagonga, inarudi. Ile ya nyuma inavuta kwa shida kupitia matundu ya USB. Bidoni ya hewa haipiti kwenye tundu la USB.

Unataka zinazoingiza zizidi kidogo zinazotoa. Hapo ndani kunajaa, na hewa ya ziada inasukumwa nje kupitia mianya yote midogo, vumbi linakosa pa kujipenyeza. Mlango unabaki mmoja, mbele, na mlango mmoja unaweza kuwekea kichujio. Ukitoa kuliko unavyoingiza, kila ufa unakuwa mdomo. Kuna watu wanapenda kutoa zaidi kwa sababu kadi inapoa nyuzi moja mbili. Waache wafanye hivyo mahali pasipo na vumbi. Si Goma, na kwa vumbi lenu jekundu si Lubumbashi pia.

Himbi: chomoa waya wa ukutani, geuza hizo mbili. Usiongeze feni yoyote bado.

ChukuduMwendo
Nimerudi. Swali langu ni moja: pawasaplai iko juu au chini ya kasha? Na feni yake inaangalia wapi?

Himbi_Studio
Iko chini. Feni yake inaangalia… kapeti.

ChukuduMwendo
Ndiyo hiyo! Inavuta hewa kupitia kapeti, papa. Inachemka, ulinzi wake wa joto unaikata ili isiungue, na haiwaki mpaka ipoe. Zile dakika kumi zako ndizo hizo. Laza mashine, angalia kichujio cha chini.

FundiKadutu
Chukudu nakupa mkono. Hapo umenitangulia, na kila kitu kinalingana. Himbi, itoe kwenye kapeti, inua juu kwa sentimita tano hivi, kichujio kioshe kwa maji na ukikaushe kabisa. Lakini pawasaplai yenyewe usiifungue, hata ukiwa umechomoa waya. Ndani kuna vihifadhi umeme vinavyokaa na chaji ya kukurusha.

Himbi_Studio
Nimeilaza. Kichujio cha chini sikukiona mwanzoni, nilidhani ni bati. Kilikuwa kimegeuka sahani nyeusi ya nyuzi za kapeti. Nimekisukuma kwa kidole, kikatoka kizima na umbo la matundu yake.

Sasa nataka kupuliza vumbi la ndani. Hapa kona kuna kijana wa kujaza matairi, ana kompresa kubwa. Nimpelekee?

DadaPikseli
HAPANA. Kompresa ya matairi inatema maji na mafuta pamoja na hewa. Ujaribu kuipuliza kwenye kioo safi dakika moja utaona matone. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, na kile kipuliza cha mpira cha kusafishia lenzi, wewe ni mtu wa kamera lazima unacho. Peleka mashine barazani. Na kila feni uishike kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Ikizungushwa kwa nguvu bea inaumia, na mota inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi.

Kichujio cha mbele: kolani. Soksi ndefu za nyloni, za bei ndogo kabisa. Tabaka moja, vuta kidogo tu, funga kwenye fremu. Mimi niliweka tabaka tatu kwa uroho, joto likapanda kama mwanzo. Tabaka moja ilinigharimu nyuzi 2, nazikubali. Unaiosha kila Jumamosi ya pili.

Himbi_Studio
Na kioo cha mbele? Nimepima, kati yake na kasha kuna mwanya wa ukucha tu, pembeni.

FundiKadutu
Jipime mwenyewe. Feni zikishageuka, renda dakika 20 na kioo cha mbele kikiwepo, kisha dakika 20 bila. Tofauti ikizidi nyuzi 3, kioo kiondoke.

Himbi_Studio
Leteni masikio. Hizi ni namba za siku tatu, video ileile, chumba nyuzi 24, kila moja nimeandika baada ya dakika 20:

Mwanzo, kila kitu kimefungwa: prosesa 95, kadi 83.
Feni za mbele zimegeuzwa, vumbi limetolewa, mashine bado kwenye kijumba: 89 na 77.
Nje ya kijumba, pembeni ya meza, nyuma nafasi ya mkono mzima: 85 na 73.
Kioo cha mbele kimetoka: 78 na 67.
Kolani imewekwa: 79 na 68.

Kioo cha ubavuni kimefungwa muda wote. Yaani sasa imefungwa na iko chini kuliko ilivyokuwa wazi. Kijumba cha meza sikukitegemea kabisa: hewa ya moto ilikuwa inatoka nyuma, inagonga ukuta, inarudi mbele kuingia tena.

Mbele, badala ya kioo, nimepeleka fremu kwa seremala anayetengeneza milango ya mbu, akanikatia wavu wa alumini, kolani iko nyuma yake. Kioo mama watoto amekitwaa, anakatia vitunguu juu yake. Chini ya mashine nimeweka vipande viwili vya mti wa mkaratusi alivyoniletea ChukuduMwendo mwenyewe mpaka mlangoni, ni mabaki ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Kwa hiyo tunafahamiana sasa 😄

Na haijazimika. Usiku wa kwanza nilikaa nayo macho mpaka saa nane. Usiku wa pili nililala.

Taa za feni sizioni tena. Naona mgongo na kibandiko.

ChukuduMwendo
Na chai ilikuwa nzuri. Nilimkuta papa wa bibi harusi pale, akaniuliza kama mimi ndiye ninayemcheleweshea video.

DadaPikseli
Alishachukua?

Himbi_Studio
Jana asubuhi. Alisimama nyuma yangu akiangalia faili linanakiliwa kwenye flashi, hakusema kitu. Alipofika mlangoni akauliza kama kompyuta imepona, kana kwamba anaulizia mgonjwa.

Fundi swali la mwisho: feni za mbele ziende mwendo wote muda wote?

FundiKadutu
Hapana, zitakumalizia bea bure. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine unayofungua wakati inawaka), sehemu ya feni, ziache polepole chini ya nyuzi 50, zipande kidogokidogo mpaka 75 hapo ziende zote. Upandishaji uwe wa mteremko, si wa ghafla, la sivyo zitakuwa zinapumua juu chini kama mtu mwenye pumu.

Mwana_Lushi
Wakubwa. Sikuwa na nia ya kurudi kwenye huu uzi, lakini nimechukua karatasi ya choo nikapita nayo kwenye mashine yangu. Feni ya mbele inasukuma nje. Toka 2022. Natafuta bisibisi.